Mstari mmoja kwa mmoja

Mama alipofariki aliniachia kaseti za masimulizi yake. Nilizichapa zote, faili za .txt zaidi ya 200 ndani ya folda zisizo na mpangilio. Mwaka jana dada akanipigia: anataka kulijengea kaburi la bibi mzaa mama, ila hakuna ndugu aliyebaki anayejua lilipo. Mama aliwahi kusema. Nilikumbuka amesema, sikukumbuka wapi.

Basi nikafungua lile dirisha jeusi la Windows, nikaandika:

findstr /s /i /n "kaburi la bibi" *.txt

Maneno yakaporomoka kama mvua. Ukiipa findstr maneno yenye nafasi katikati, yenyewe inaelewa "hili au lile". Ikaniletea kila penye "la", hata ndani ya "kula" na "lakini". Ukitaka fungu zima sharti uandike /c:"kaburi la bibi". Nikaandika hivyo. Kimya.

Hii tabia ya kutafuta mstari kwa mstari ina historia, nayo inagusa sisi watu wa vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Bell Labs Marekani, Lee McMahon alikuwa akichunguza Federalist Papers, makala 85 za 1787 na 1788 zilizotiwa saini moja ya uongo, Publius. Nyuma ya jina hilo walikuwa watu watatu: Hamilton, Madison na Jay. Swali lilikuwa nani kaandika ipi. Shida ni kwamba ed, kihariri chao cha maandishi, kilitaka faili lote liingie kwenye kumbukumbu ya mashine, na makala zile hazikuenea. Ken Thompson akaikata ile sehemu ya kutafuta akaifanya programu ya peke yake: soma mstari, una neno? Uchapishe. Hauna? Uache, nenda unaofuata. Ndani ya ed amri hiyo iliandikwa g/re/p, na jina likabaki hilohilo, grep. Ilitoka na toleo la nne la Unix, 1973.

Microsoft walichelewa. DOS 2.0 ya 1983 ilikuja na FIND, kifaa kigumu kidogo: lazima uweke alama za kunukuu, na hakiingii folda za ndani. Findstr tuliyonayo leo ilikuja baadaye, ndani ya Windows. Hiyo ndiyo binamu halisi wa grep, ingawa ina ukaidi wake. (Faili za .docx usiipe, zimebanwa, haioni kitu.)

Nirudi kwa mama. Ilinichukua siku mbili kukumbuka kwamba mama hakulipenda neno kaburi. Alisema "tulimlaza". Kiswahili nacho kinabeba viambishi mbele na nyuma, kwa hiyo nikatafuta shina tu, "laz". Nikapata mamia ya mistari, karibu yote ni "lazima". Mama alikuwa mtu wa lazima. Nikajiona mjanja, nikaongeza kichujio:

findstr /s /i /n "laz" *.txt | findstr /v /i "lazima"

Ile /v hutupa kila mstari wenye neno hilo. Ikabaki mistari tisa: watoto kulazwa, mgonjwa kulazwa hospitali. Bibi hayumo. Nikampigia dada nikamwambia hakuna, samahani. Hakunijibu haraka.

Usiku ule nikakumbuka mashine inahukumu mstari mzima, siyo neno. Na mimi nilichapa kila aya kama mstari mmoja mrefu. Nikaondoa kichujio, nikakaa kusoma lazima moja baada ya nyingine. Kwenye faili la kaseti ya 31 nikamkuta:

"Mto ulijaa, hatukuweza kuvuka naye. Ikawa lazima tumlaze palepale, upande huu, chini ya mkwaju wa mzee wa kinu."

Nikamsomea dada kwenye simu. Akaniomba nirudie, polepole, aandike.