Mkuki kwa Nguruwe: Historia ya Fundisho Kuhusu Ukatili kwa Wanyama na Ukatili kwa Wanadamu

Utangulizi

Wahenga walisema, "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu." Kwa kawaida methali hii hutumika kumwonya yule apendaye kuwatendea wengine jambo ambalo yeye mwenyewe hapendi kutendewa. Lakini tukiitafakari zaidi tunaona kwamba ndani yake limo swali jingine: Je, mkono uliozoea kumchoma nguruwe kwa furaha, hautamfikia mwanadamu siku moja?

Swali hili limeulizwa kwa karne nyingi na wanatheolojia, wanafalsafa, wachoraji na mahakimu. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia jinsi lilivyojibiwa, na kupima ni jibu lipi linalosimama. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, wako washarika wanaosema kwamba kujali wanyama ni anasa ya watu walioshiba, na kwamba mchungaji mwenye yatima na wajane katika usharika wake hana muda wa kumtetea punda. Pili, wako wanaokwenda upande wa pili, wakidai kwamba kila mtoto ampigaye mbwa mawe atakuwa muuaji. Historia inayapinga madai yote mawili.

Ushuhuda wa Maandiko

Agano la Kale linaliona jambo hili mapema. Yakobo alipokuwa karibu kufa, aliilaani hasira ya wanawe Simeoni na Lawi (Mwanzo 49:5-7). Katika tamko moja anataja mauaji ya watu na kukatwa kwa mishipa ya ng'ombe. Hakuyatenganisha matendo hayo mawili, kwa kuwa yalitoka katika hasira ile ile.

Habari ya Balaamu (Hesabu 22) ni ya ajabu zaidi. Mtu huyu alikuwa njiani kwenda kwa wale waliomwita alilaani taifa zima. Njiani alimpiga punda wake mara tatu, akasema kwamba angekuwa na upanga angemwua. Malaika wa Bwana alipojidhihirisha, neno lake la kwanza halikuhusu Israeli wala mfalme wa Moabu. Aliuliza kwanza kwa nini punda amepigwa. Balaamu hakujua kwamba mnyama yule alikuwa akiokoa maisha yake. Naye mwenye Mithali (12:10) anafundisha kwamba haki ya mtu huonekana katika jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake.

Kutoka Tomaso wa Akwino hadi Kant

Katika karne ya 13, Tomaso wa Akwino aliyaeleza maagizo ya namna hii kwa njia iliyotawala mawazo ya Kanisa la Magharibi kwa muda mrefu. Alifundisha kwamba Maandiko yanakataza ukatili kwa wanyama ili mwanadamu asije akazoea ukatili na kuupeleka kwa wenzake. Mwaka 1693 Mwingereza John Locke, akiandika juu ya malezi, alionya kwamba watoto wanaofurahia kuwatesa ndege na wadudu huifanya mioyo yao kuwa migumu hata kwa watu. Alimsifu mama mmoja aliyewapa binti zake wanyama wadogo wa kufuga, akiwadai wawatunze vema.

Mwaka 1751 mchoraji William Hogarth wa London alitoa picha nne alizoziita hatua nne za ukatili. Alitaka zienee kwa bei nafuu ili watu wa kawaida wazione. Kijana Tom Nero anaanza kwa kumtesa mbwa. Katika picha ya pili amekuwa mwendesha gari, naye anampiga farasi aliyeanguka. Katika ya tatu amemwua msichana aliyempenda, na katika ya nne amekwisha kunyongwa, na mwili wake unapasuliwa na madaktari. Wengi huikumbuka ngazi hiyo ya kuteremka. Lakini katika picha ya pili liko jambo linalosahauliwa: farasi ameanguka kwa sababu wanasheria wanne wamejibana ndani ya gari moja ili kupunguza nauli. Hogarth alitambua kwamba ukatili wa maskini mwenye mjeledi una wabia waheshimiwa walioketi ndani.

Immanuel Kant, aliyezaliwa katika nyumba ya Kilutheri ya Kipietisti, alizitaja picha za Hogarth katika mihadhara yake, akafundisha kwamba amtendeaye mnyama vibaya huuharibu utu wake mwenyewe. Hapa, hata hivyo, tunakuta upungufu wa mapokeo yote hayo. Kwa Tomaso na kwa Kant, mnyama ni kama uwanja wa mazoezi tu, na aliyedhulumiwa hasa ni mwanadamu wa baadaye. Je, kama mtesaji asingemgusa mtu kamwe, mnyama asingekuwa amedhulumiwa?

Wachungaji wa Württemberg

Jibu lililo kamili zaidi lilitoka katika Kanisa la Kilutheri lenyewe. Luther mwaka 1534 aliandika barua ya mzaha, ambamo ndege wanamshtaki mtumishi wake Wolfgang Sieberger aliyekuwa akiwatega. Ulikuwa mzaha, lakini ndani yake ndege walipewa sauti ya walalamikaji. Mwaka 1822 mchungaji Christian Adam Dann wa Württemberg alifanya vivyo hivyo pasipo mzaha. Alitoa kijitabu ambamo wanyama wanawasihi wanadamu, viumbe wenzao na mabwana wao. Kwa Dann, mnyama ni kiumbe mwenzetu anayeugua mbele za Mungu, naye ana malalamiko yake mwenyewe. Dann alifariki mwaka 1837, na mwaka huo huo mchungaji Albert Knapp, mtunzi wa nyimbo za Kanisa, alianzisha huko Stuttgart chama cha kwanza cha kuwalinda wanyama katika nchi za Kijerumani.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1822 iliyopiganiwa na Richard Martin ilikataza kuwatesa farasi, ng'ombe na kondoo. Mwaka 1824 kasisi Arthur Broome aliwakutanisha watu walioanzisha chama cha kuitekeleza sheria hiyo. Miongoni mwao walikuwamo William Wilberforce na Thomas Fowell Buxton, wapiganaji wakuu dhidi ya utumwa. Wao hawakuona kwamba kumhurumia farasi kunamnyang'anya mtumwa sehemu yake ya huruma.

Mtoto wa New York, 1874

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Mary Ellen, msichana wa miaka kama kumi aliyepigwa na kufungiwa ndani na mlezi wake huko New York. Bibi Etta Wheeler, mtumishi wa misioni ya Kimethodisti aliyewatembelea maskini, alipata habari zake kutoka kwa majirani. Alitafuta msaada huku na huku, asipate aliyekuwa tayari kuingilia kati. Hatimaye alimwendea Henry Bergh, ambaye mwaka 1866 alikuwa ameanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama.

Husemwa mara nyingi kwamba Bergh aliiambia mahakama kuwa mtoto ni mnyama, na hivyo alindwe kwa sheria ya wanyama. Hiyo ni hadithi tu. Bergh alitenda kama raia, na mwanasheria Elbridge Gerry alitumia utaratibu wa kawaida wa mahakama wa kumtoa mtu aliyezuiliwa isivyo haki. Mtoto aliletwa mbele ya hakimu Aprili 1874 akiwa na jeraha la mkasi usoni. Mlezi wake alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na kesi hiyo ikazaa chama cha kwanza cha kuzuia ukatili kwa watoto. Mary Ellen alipata makao mema, akaolewa, akalea watoto, akaishi hadi mwaka 1956.

Wale waliozoea kusikia kilio cha asiyeweza kujieleza mahakamani ndio walioweza kukisikia cha mtoto. Hapa ndipo pingamizi la "anasa" linapojibiwa.

Kiboko na Sheria Njema

Lakini tusiharakishe kujisifu, kwa kuwa historia hii ina upande wa giza unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Sheria ya jinai ya Ujerumani ya mwaka 1871 iliadhibu kuwatesa wanyama hadharani. Wakati ule ule serikali ya nchi hiyo ilitawala hapa kwa kiboko, yaani mjeledi wa ngozi ya mnyama mwenye jina hilo. Agizo la mwaka 1896 liliweka kikomo cha mapigo 25 kwa mara moja, na wazee wetu waliyakumbuka kwa jina la "hamsa ishirini." Hata leo tunasema mtu "amechapwa viboko." Jina la mnyama limebaki katika lugha yetu kuwa jina la adhabu ya mwanadamu.

Miaka ya baadaye jambo hilo lilizidi kuwa baya. Novemba 1933 utawala wa Hitler ulitoa sheria pana ya kuwalinda wanyama, katika mwaka ule ule ulioanza kuwafukuza Wayahudi katika utumishi wa umma. Mwaka 1942 utawala huo uliwakataza Wayahudi kufuga mbwa, paka na ndege. Hivyo wale waliojiita marafiki wa wanyama waliutumia upendo wa mtu kwa mnyama wake kuwa njia ya kumwumiza. Basi huruma kwa wanyama si cheti cha wema. Yawezekana mtu akampapasa mbwa wake kwa mkono unaotia sahihi hati ya mauaji.

Utafiti Unasema Nini?

Mwaka 1963 daktari wa akili John Macdonald wa Marekani aliandika kwamba kukojoa kitandani, kuchoma vitu moto na kuwatesa wanyama ni dalili tatu zinazoonekana kwa watu watishiao kuua. Wengi walizichukua kuwa unabii, lakini uchunguzi uliofuata haukuthibitisha kwamba dalili hizo zinabashiri mauaji. Mwaka 1999 Arnold Arluke na wenzake walilinganisha watu 153 walioshtakiwa kwa ukatili kwa wanyama katika jimbo la Massachusetts na majirani zao 153. Watesaji wa wanyama walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kutenda jinai za nguvu dhidi ya watu. Hata hivyo, ukatili kwa wanyama haukutangulia daima. Mara nyingine ulifuata. Basi hauna umbo la ngazi ambayo mtu hupanda kutoka kwa mbwa hadi kwa binadamu. Unafanana zaidi na mzizi mmoja wenye machipukizi mengi.

Mwaka 1998 Frank Ascione alichapisha matokeo ya kuwahoji wanawake 38 waliokimbilia nyumba ya hifadhi katika jimbo la Utah. Kati ya wale waliokuwa na wanyama wa kufugwa, asilimia 71 walisema mume au mwenzi wao alikuwa amemtishia, kumwumiza au kumwua mnyama. Huyo mnyama alitumiwa kupeleka ujumbe: leo huyu, kesho wewe. Tangu mwaka 2016 polisi wa upelelezi wa Marekani hukusanya takwimu za ukatili kwa wanyama kama kosa linalojitegemea.

Hitimisho

Tumeona mambo matatu. Ukatili kwa mnyama ni dhambi yenyewe, hata kama hauishii kwa mwanadamu, kwa maana katika ufafanuzi wa Kanuni ya Imani tunakiri kwamba Mungu ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote. Tena, ukatili huo ni ishara kwamba huenda yupo mtu anayeumia karibu. Lakini ishara hiyo si hukumu, na kutokuwapo kwake si ushahidi wa amani.

Tanzania ilipata Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, na Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Ni vema zimefuatana, lakini sheria haiingii jikoni usiku. Mchungaji, mwinjilisti na mzee wa kanisa huingia. Wanapotembelea nyumba na kusikia kwamba baba amemkata mapanga mbuzi wa mama kwa hasira, wasilihesabu kuwa shauri la mbuzi tu. Waulize kwa upole habari za mama na watoto, tena wakiwa faragha, wala wasimsihi mama avumilie pale ambapo uhai wake u hatarini. Nao walimu wa Shule ya Jumapili na wa kipaimara, wakimwona mtoto akimtesa paka, wamkataze. Lakini kabla ya kumwita mwovu waulize ni nani anayempiga yeye nyumbani. Mara nyingi mtoto hurudia kwa mdogo kuliko yeye lile alilotendewa na mkubwa.

Lugha yetu huuita ukatili "unyama," ingawa hakuna mnyama aliyewahi kubuni mjeledi. Kinyume cha neno hilo ni utu, na utu huo hupimwa kwa jinsi tunavyomtendea kila aliye chini ya mkono wetu, awe punda, mtoto au mke. Malaika alimwuliza Balaamu kwa nini amempiga punda, na jibu la swali hilo lingemfunulia yote yaliyokuwa moyoni mwake kabla hajafika Moabu.