Faida kwa Mtaji wa Wanahisa

Wazee wa Dundori na Bahati, huko Nakuru nchini Kenya, wanaijua hisa tangu enzi za kampuni za kununua mashamba, miaka ya 1960 na 1970, wananchi walipochanga fedha wakanunua mashamba ya walowezi. Hisa ilisomwa kwa ekari. Tuseme kampuni ina ekari 1,000 na hisa 500: kila hisa ni ekari 2. Viongozi wakiuza hisa nyingine 500 bila kuongeza shamba, orodha ya wanachama inarefuka, na kila hisa inabaki na ekari 1.

Uwiano wa fedha ni hesabu iyo hiyo ya kugawa. Kampuni ya simu ya Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, kwa shilingi 5 kila moja, hisa zake zote zilikuwa kama bilioni 40, na faida ya mwaka ulioishia Machi ilikaribia shilingi bilioni 14. Gawanya: kila hisa ilipata senti 35 hivi, na mnunuzi alilipa takriban mara 14 ya faida hiyo. Anayelipa hivyo anatarajia faida ikue. Mwaka uliofuata ilishuka hadi kama bilioni 10.5, na hisa ikauzwa kwa chini ya shilingi 5.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni faida kwa mtaji wa wanahisa. Mtaji ukiwa milioni 10 na faida milioni 2, hiyo ni asilimia 20. Wanahisa wakipewa mgao wa asilimia 40 ya faida na asilimia 60 ikarudi kazini, kampuni inaweza kukua asilimia 12 kwa mwaka kwa fedha zake yenyewe. Ikitaka mwendo wa kasi zaidi bila kubadili uendeshaji wake, itakopa au itauza hisa mpya. Mkopo huinua kipimo hiki maadamu biashara inazalisha zaidi ya riba. Ikizalisha pungufu, kila tawi jipya linakula mali ya mwanahisa. Uchumi, duka kubwa lililofungua matawi hadi Uganda na Tanzania, liliyafunga ya nchi hizo mwaka 2015 likiwa limeelemewa na hasara na madeni.

Ewe mkulima unayetaka kuweka fedha za viazi kwenye hisa, omba taarifa za mwaka za kampuni. Tazama faida kwa kila hisa kwa miaka 5 mfululizo, kisha madeni, kabla hujahesabu matawi.