Kumtia Mwana Mpirani Kisiwani Pemba

Katika dasturi ya malezi ya watu wa Pemba, baba alikuwa na wajibu wa kumkabidhi mwanawe kwa watu wawili: kwanza mwalimu wa chuo, aliyempokea mtoto angali mdogo akamfunza herufi, adabu na sala, kisha, mtoto alipopata nguvu, fundi wa kazi fulani, awe seremala, mvuvi au mshoni, ambaye kijana alikaa naye mpaka akajua kujitafutia riziki. Makabidhiano hayo yalifanywa kwa taadhima mbele ya jamaa, na aliyekabidhiwa alibeba dhamana mbele ya Mungu na mbele ya watu. Mpira wa miguu, ulipokuja, haukuingizwa katika utaratibu huo. Baba hakumpeleka mtoto timuni. Mtoto alikuwa wa timu ya mtaa wake kwa sababu alizaliwa mtaani humo, na kuchezea mtaa wa pili, hali timu ya kwao ipo, kulihesabiwa kuwa ni kuwasaliti ndugu zake.

Mpira wenyewe ulishukia Unguja kabla ya kufika huku. Kampuni ya Eastern Telegraph iliiunganisha Unguja na Aden kwa waya wa baharini mwaka 1879, na wafanyakazi wake wa Kiingereza, pamoja na wanafunzi wa chuo cha misheni cha Kiungani, ni miongoni mwa wanaotajwa kuwa watu wa awali kuucheza. Chama cha mpira cha Zanzibar kikaundwa mwaka 1926, na mwaka 1949 Zanzibar ikaingia katika Kombe la Gossage, lililokuwa likizikutanisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Pemba mpira ulipita mikononi mwa walimu wa skuli, makarani na askari waliohamishiwa Wete, Chake Chake na Mkoani, nao ulikuta watu ambao tayari walijua kushindana kijiji kwa kijiji, kwani mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huunasibisha na Wareno waliotawala pwani hii kabla ya Waarabu wa Omani, ulikuwa umekwisha kuwafunza vijana kusimama mbele ya hadhara kwa jina la kwao.

Lakini mwenye amri juu ya mpira wa Pemba alikuwa mkarafuu. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi imekuwa ikitoka Pemba, na msimu unapowadia mambo mengine yote hupisha. Uwanja ambao jana ulisimamishwa magoli ya miti leo umetandikwa majamvi, na juu ya majamvi zimeanikwa karafuu mbichi, zinazobadilika siku hata siku kutoka kijani na wekundu hata zikawa hudhurungi, na mtoto hathubutu kupiga mpira karibu nazo; mawingu yakitanda, beki na mshambuliaji hukimbia pamoja kuzianua, na usiku wote huwa barazani wakichambua, wakitenga karafuu na makonyo. Imepita miaka ambayo hata skuli zilifungwa ili wanafunzi wakachume. Hivyo timu ililala wiki nyingi, kisha ikaamka kwa fedha zile zile za karafuu, kwa kuwa mchumaji hulipwa kwa pishi, na kijana aliyepanda mikarafuu mirefu kwa bidii alijinunulia njumu kwa jasho lake bila ya kumwomba mtu. Mimi naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyodhaniwa, maana kijana wa namna hiyo aliingia uwanjani hana deni kwa tajiri yeyote wa timu, na asiye na deni huweza kukataa.

Timu ya mtaa ilikuwa na mlezi, ambaye aghalabu hakuwa stadi wa mpira. Alikuwa mtu mzima, pengine mwenye duka, pengine mwalimu, aliyeziweka jezi katika sanduku nyumbani kwake, akazihesabu zikitoka na akazihesabu zikirudi. Na mazoezi yalipoanza baada ya sala ya alasiri alisimama pembeni jicho lake likiwa kwenye jua, kwa sababu kabla ya adhana ya magharibi kila mtoto ilimpasa awe amekwisha koga na kushika njia ya msikitini. Mtoto aliyekimbia chuo hakupangwa, hata angekuwa hodari namna gani. Na mama aliyetaka kujua mwanawe yuko wapi alijua nyumba ya kwenda kuuliza.

Uchaguzi, yaani ule wa mzazi kukaa akapima timu hii na ile, ulikuja pamoja na ligi za vijana, zile za Juvenile, Junior na Central, kama zinavyoitwa Zanzibar nzima. Ligi ilipotaka usajili, timu ilitaka wachezaji walioandikwa, na viongozi wakaanza kubisha hodi nyumba ambazo si za mtaa wao, mkononi wana jezi mpya na ahadi ya viatu. Hapo ndipo baba alipoombwa, kwa mara ya kwanza, cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Na hapo ndipo uovu wa vijeba, yaani wachezaji waliopita umri, ulipopata mlango, kwa sababu cheti cha mdogo huweza kumvalisha mkubwa umri usio wake. Matokeo yake tuliyaona mwaka 2018 nchini Burundi, timu ya Zanzibar ya chini ya miaka 17 ilipotolewa katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati kwa kuleta vijana waliopita umri, aibu iliyowaangukia pia wale waliokuwa na umri wao wa haki. Miaka mitano baadaye, nchini Uganda, vijana wetu wa chini ya miaka 15, Karume Boys, walitwaa ubingwa wa ukanda huo huo.

Jambo jingine linalomkabili mzazi wa Pemba, ambalo mzazi wa Unguja halimsumbui, ni bahari. Kwa miaka mingi kijana aliyetaka kuonekana alilazimika kuvuka, na kuvuka huko hakukuwa jambo dogo hata kabla ya usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba na kuacha msiba katika familia nyingi mno za kisiwa hiki. Hata hivyo historia haikubali kwamba heshima hupatikana ng'ambo tu: timu ya Jamhuri ya Wete ilitwaa ubingwa wa Zanzibar mwaka 2003, na tarehe 13 Januari 2025, katika uwanja wa Gombani, Chake Chake, Zanzibar iliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, mbele ya Wapemba waliofika kwa miguu na kwa magari ya shamba.

Basi wewe mzazi ambaye kiongozi wa timu amekuja kukugongea mlango, usimuulize kwanza timu yake ina vikombe vingapi. Muulize ni nani atakayekaa na mwanao kati ya alasiri na magharibi, nyumba yake iko wapi, mtoto asiyehudhuria skuli hufanywa nini, na wakienda kucheza Mkoani au Unguja nani atalala nao na nani atawarudisha. Cheti cha mwanao kitoe kwa ajili ya mwanao peke yake. Asikiazime jirani, wala ndugu, wala timu.