Kupauka kwa Matumbawe: Istilahi na Maana Yake katika Bahari ya Malindi na Mambrui

Istilahi "kupauka kwa matumbawe" hutumiwa na wataalamu wa bahari, maafisa wa hifadhi na waandishi wa habari kutaja hali inayoyapata matumbawe pale maji yanapozidi joto lake la kawaida, yakapoteza rangi na kubaki meupe. Maneno yanayoiunda yamezoeleka tangu zamani katika pwani ya Kenya, na mazoea hayo ndiyo yanayofanya istilahi yenyewe ihitaji kufafanuliwa, kwa kuwa kila neno linakuja na maana yake ya kila siku, na maana hizo hazilingani moja kwa moja na kile kinachokusudiwa na sayansi.

Kwa mwashi wa Mambrui, mji mkongwe ulio kaskazini mwa mlango wa mto Sabaki, tumbawe ni jiwe. Mawe ya matumbawe ndiyo yaliyojengewa misikiti, nyumba na makaburi ya kale ya mwambao huu, likiwamo kaburi la mnara la Mambrui lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina, na mawe hayo hayo yakichomwa tanuni hutoa chokaa. Mtu aliyelizoea tumbawe kwa namna hiyo akiambiwa kwamba limeugua au lina njaa, ana haki ya kushangaa. Lakini jiwe hilo ni mifupa tu, na aliyeijenga ni mnyama mdogo mwenye mwili laini, aitwaye polipu, ambaye kinywa chake kimezungukwa na minyiri midogo inayokumbusha ile ya pweza. Polipu huishi kwa maelfu pamoja, kila mmoja akichota madini ya chokaa katika maji na kujijengea kikombe chini yake, na vikombe hivyo vikirundikana kizazi baada ya kizazi huwa mwamba.

Nyama ya polipu ni angavu, karibu kama kioo. Rangi za kahawia, kijani na manjano zinazoonekana katika matumbawe hutokana hasa na mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, ambao kwa ufupi unaweza kuitwa vimwani, unaoishi ndani ya nyama hiyo. Mnyama na mwani hufaana: vimwani hupata hifadhi, navyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, kazi iitwayo usanisinuru, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea mwenyeji wao. Maji yakipanda joto kwa kiasi cha digrii 1 ya Selsiasi tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, na hali hiyo ikadumu kwa majuma kadhaa, usanisinuru huvurugika, vimwani huanza kuzalisha kemikali zinazomdhuru mwenyeji, naye huvitoa mwilini. Weupe unaobaki si rangi mpya, bali ni chokaa ya mifupa inayoonekana kupitia nyama iliyo wazi. Anayelitazama tumbawe la namna hiyo kwa karibu huona kwamba ute ungali juu yake, na minyiri ingali ikijitokeza kutafuta chakula. Mnyama yu hai, ila amempoteza mlishaji wake mkuu.

Hapo ndipo uteuzi wa neno "kupauka" unapodhihirisha uzuri wake. Neno la Kiingereza linalotumika limetoka katika kazi ya kung'arisha nguo kwa dawa, kana kwamba kuna mtu aliyemwaga kitu baharini. Kulifuata neno hilo kwa karibu kungeleta "kuchubuka", ambalo ni jambo la ngozi kupata jeraha na ambalo linakumbusha watu wanaojichubua kwa vipodozi, na kungepotosha. "Kuchujuka" lina nguvu zaidi, kwa sababu rangi ya nguo inayochujuka hutoka na kuingia majini, sawa na vimwani vinavyotoka. Ila nguo iliyochujuka hairudi ilivyokuwa. Ngozi iliyopauka hurudi. Ikipakwa mafuta hupata tena mng'ao wake, na kila mama wa pwani anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha anajua hivyo. Tumbawe nalo, maji yakipoa mapema, huweza kupokea vimwani upya na kupona katika miezi inayofuata. Kwa hiyo "kupauka" ni neno bora kuliko lile la Kiingereza, maana ndani yake limebeba uwezekano wa kupona.

Katika pwani hii hatari hukaribia mwishoni mwa kaskazi na wakati wa maleleji, kati ya Machi na Mei, upepo unapolegea na jua kulipiga bahari iliyotulia. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, joto la El Niño lilipoungana na joto linaloongezeka duniani, na katika sehemu nyingi za Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yakafa. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu mwaka 1968, haikunusurika, kwa kuwa sheria inayomzuia mvuvi haiwezi kuzuia joto. Maji yalipanda joto tena mwaka 2016, na mwezi Aprili 2024 wataalamu walitangaza tukio la nne la kupauka lililoenea duniani kote. Malindi ina mzigo wa ziada: kaskazi hiyo hiyo huusukuma udongo wa Sabaki kuelekea kusini, mbali na Mambrui na kuelekea kwenye matumbawe ya hifadhi, ukaziba mwanga ambao vimwani vinauhitaji.

Matumbawe yakifa, kipepeo, samaki anayedonoa polipu, hukosa riziki mara moja, na mwamba unapobomoka samaki wadogo hukosa mashimo ya kujificha. Jopo la kimataifa la tabianchi lilikadiria mwaka 2018 kwamba dunia ikiongezeka joto kwa digrii 1.5, matumbawe yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na ikifika digrii 2 yatatoweka karibu yote. Kinachotisha ni kufupika kwa nafasi kati ya pigo moja na jingine, kwani tumbawe linahitaji miaka ya kukua tena.

Kwa kuwa tumbawe lililopauka bado li hai na huweza kupona, si sahihi kuita kila tumbawe jeupe "limekufa", kama baadhi ya taarifa zinavyofanya, wala kuendelea kusema "limepauka" wakati uhai umekwisha. Tumbawe jeupe lenye ute juu yake limepauka, na wenye mashua waepuke kulishushia nanga katika majuma ya kupauka. Lililokwisha kufunikwa na manyoya ya mwani limekufa, na liitwe hivyo.