Saa ya Kung'oa Nanga: Uchaguzi wa Wakati wa Safari za Mbali Unguja, kutoka Jahazi hadi Ndege ya Usiku

Mbweni, kitongoji cha pwani kilichopo kilomita chache kusini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, kwa upande wa mashariki kimekaribiana na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Abeid Amani Karume, na kwa upande wa magharibi kinatazama mkondo wa bahari uliopitiwa kwa karne nyingi na vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Nafasi hiyo inakifanya kiwe mahali pafaapo kutazamia suala lililowashughulisha manahodha, makarani wa meli na marubani kwa zamu, nalo ni wakati upi unaofaa kuanza safari ndefu. Katika zama za tanga, za mvuke na za ndege majibu yalitofautiana sana, lakini hesabu yenyewe ilifanywa kwa njia moja: wakati wa kuondoka ulipatikana kwa kuanzia mwisho wa safari, kutokana na hali itakayokutwa huko kunakokwendwa, na kisha kurudi nyuma hadi bandari ya nyumbani.

Zama za tanga zilitawaliwa na pepo mbili za msimu. Kaskazi, ambayo huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, ilileta Unguja majahazi ya Maskati, Sur, Kuwait na Kachi, na kusi, ambayo huanza mwezi wa Aprili, iliyarudisha makwao. Mtu asiyejua bahari angeweza kudhani kwamba wakati bora wa kwenda Arabuni ni katikati ya kusi, upepo unapokuwa na nguvu kuliko wakati wowote, lakini mabaharia walijua kinyume chake, kwa kuwa miezi ya Juni na Julai mawimbi ya pwani ya Arabuni huwa makali kiasi cha kuzifanya bandari nyingi zisiingilike, na bahari huhesabiwa kuwa imefungwa. Kwa hiyo nahodha alikuwa na nafasi mbili tu: ama aondoke Aprili au mwanzo wa Mei ili awahi kufika kabla ya kufungwa kwa bahari, ama angoje hadi mwisho wa Agosti na Septemba, kusi inapopungua nguvu. Aliyechelewa kumaliza biashara ya karafuu, pembe au boriti za mikoko kutoka Rufiji alilazimika kukaa Unguja miezi kadhaa, akilipa chakula cha mabaharia bila ya kupata faida. Hata watawala walisafiri ndani ya mipaka hiyo, na Seyyid Said bin Sultan, aliyeifanya Unguja kuwa makao yake makuu, alikuwa ameanza safari ya kurudi kutoka Maskati katika majira ya kuisha kwa kusi alipofariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, mwezi Oktoba 1856.

Kalenda ya Kiislamu, inayofuata mwezi na yenye mwaka wa siku 354 au 355, haikuweza kutumika kwa hesabu hii, kwa sababu kila mwaka hutangulia majira ya jua kwa siku 11 hivi, na baada ya miaka michache tarehe ile ile ingeangukia upepo mwingine. Watu wa pwani wakahifadhi pembeni yake mwaka wa jua wenye siku 365, unaoanza siku ya Nairuzi, sikukuu yenye asili ya Uajemi ambayo huko Makunduchi huadhimishwa kila Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo uligawanywa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, na kwa kuhesabu miongo tangu Nairuzi nahodha na mkulima waliweza kujua muda uliobaki kabla ya upepo kugeuka au mvua kuanza.

Baada ya msimu kuchaguliwa, ilibaki kuchagua siku na saa. Majahazi yaliyopandishwa ufukweni ili yapakwe sifa, yaani mafuta ya samaki, na kuzibwa nyufa, yalielea kwa urahisi zaidi wakati wa bamvua, ambayo ni maji makubwa yanayokuja mwezi unapoandama na unapopevuka, ambapo tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huko Unguja hukaribia mita nne. Chombo kilichokwisha kupakia kilingojea umande, yaani upepo mwanana wa usiku unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ili kitoke bandarini bila kuhangaika na kifike nje ya miamba kukiwa kumepambazuka. Usiku haukuwa na sifa ya pekee kwa msafiri, bali ulitumika kwa sababu ulikifikisha chombo mahali pa hatari wakati macho yanaona.

Zama za mvuke zilianza kuonekana Mbweni mapema. Mwaka 1871 Chama cha Kimisionari cha Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati kilinunua shamba hapo, palipokuja kujengwa makazi ya watumwa walioachwa huru, shule ya wasichana iliyoongozwa na Caroline Thackeray, na kanisa la Mtakatifu Yohana. John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, naye alikuwa na nyumba na bustani huko huko, akipeleka vielelezo vya mimea katika bustani ya Kew karibu na London. Barua, mbegu na watumishi wa jumuiya kama hiyo vilitegemea meli, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianzisha, kwa mkataba wa serikali ya Uingereza, huduma ya meli ya barua ya kila mwezi kati ya Aden na Zanzibar. Mfereji wa Suez ulikuwa umekwisha kufunguliwa mwaka 1869, na hivyo meli hiyo iliungana huko Aden na meli kubwa za Ulaya na India. Tarehe ya kuondoka Unguja sasa iliwekwa na ratiba, yaani orodha ya nyakati iliyokubaliwa kabla ya safari, na ratiba hiyo ililenga kuiwahi meli nyingine iliyokuwa ikisubiriwa Aden. Upepo ulikuwa umepoteza amri, lakini mwisho wa safari haukuipoteza.

Hata hivyo giza liliendelea kuwa kizuizi, kwa kuwa njia za kuingilia Unguja zimezungukwa na matumbawe. Mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 katika kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi ya Mbweni, uliwapa manahodha wanaokuja kutoka kusini alama ya kuiongozea meli usiku, na kwa kadiri taa za namna hiyo zilivyoongezeka katika pwani, ndivyo saa za kuondoka zilivyopanuka.

Usafiri wa anga ulipoanza ulirudia hatua hizo hizo. Kuanzia 1937 kampuni ya Imperial Airways ilitumia ndege za majini, yaani zinazotua na kuruka juu ya maji, katika njia ya Southampton hadi Durban iliyopitia Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam, na abiria wake walisafiri mchana na kulala hotelini. Swali la saa bora ya kuondoka lilikuwa na jibu jepesi: alfajiri, ili kituo cha kulala kifikiwe kabla ya jua kuchwa. Safari ndefu ya usiku kucha ikawa jambo la kawaida baada ya redio za kuongozea, njia za kurukia zenye taa na, hatimaye, injini za jeti. Shirika la East African Airways, lililoundwa mwaka 1946 na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar na kudumu hadi 1977, lilipata ndege za Comet mwaka 1960 na baadaye VC10, na msafiri wa Unguja aliyekwenda Ulaya kwa kawaida alitangulia Nairobi kwa ndege ndogo, kisha akapanda jeti.

Usiku ulipendelewa Nairobi kwa sababu mbili. Kwanza, mji huo upo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na joto la mchana huizidisha wepesi, hivyo mabawa na injini hupata nguvu ndogo ya kuinua mzigo. Ubaridi wa usiku huiruhusu ndege kubeba mafuta na abiria wengi zaidi kwenye njia ile ile. Pili, uwanja wa Heathrow wa London umewekewa mipaka ya safari za usiku tangu 1962, na ndege inayochukua saa tisa, ikiondoka Nairobi saa sita usiku, hufika London saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za huko wakati wa majira ya baridi. Ni hesabu ile ile ya nahodha wa Aprili, ila bandari iliyofungwa na mawimbi kwa wiki kadhaa imefuatwa na uwanja unaobanwa kwa sheria kwa saa chache.

Leo njia ya kurukia ya Unguja, yenye urefu wa mita 3,022, hupokea ndege kubwa moja kwa moja, lakini saa zake nyingi hupangwa na viwanja vya kubadilishia ndege kama Doha, Dubai, Istanbul na Addis Ababa. Viwanja hivyo hupokea ndege nyingi kwa pamoja na kuziruhusu nyingine ziondoke muda mfupi baadaye, na kwa hiyo abiria wa Zanzibar huweza kuamshwa saa nane za usiku kwa ajili ya ndege ambayo yeye hataiona hadi afike huko.

Kwa msafiri, tofauti ya urefu wa safari ndiyo inayopasa kuamua. Saa za Unguja hutangulia za London kwa mbili au tatu tu, na za Maskati hutangulia za Unguja kwa moja, kwa hiyo mwili hausumbuliwi sana na mabadiliko ya saa, bali na upungufu wa usingizi. Katika safari ya saa tisa, hata ukitoa muda wa kupaa, kula na kushuka, hubaki saa tano au zaidi za kulala, na kuondoka kati ya saa nne na saa sita za usiku hulingana na kawaida ya mwili. Katika safari ya saa tano au sita kwenda Ghuba hubaki tatu hivi, na ndege ya mchana huwa na nafuu. Tarehe pia hudai uangalifu, kwa kuwa kwa desturi ya Kiislamu siku huanza magharibi, ilhali tiketi huibadili saa sita za usiku, na hivyo ndege ya saa nane usiku wa kuamkia Jumanne humtaka abiria awe uwanjani Jumatatu usiku.

Historia hii inaonyesha kwamba saa bora haikuwahi kuwa sifa ya saa yenyewe. Nahodha, wakala wa meli na mpangaji wa ratiba za ndege waliichagua kwa kuuliza lango la mbali litafunguka lini, na abiria anayeulizia tiketi Mbweni leo hana budi kuanzia kwenye swali hilo hilo kabla ya kulinganisha bei.