Moshi wa Vyuma Kifuani mwa Mfanyakazi

Mwaka 1556, miezi michache baada ya Georgius Agricola kufariki, kitabu chake kuhusu madini kilichapishwa Basel. Aliandika kwamba vumbi la migodini hula mapafu, na kwamba katika milima ya Carpathia walikuwapo wanawake walioolewa hata mara saba, kila mume akichukuliwa na ugonjwa huo. Enzi hizo kipimo kilikuwa makaburi.

Mwaka 1700, Bernardino Ramazzini, aliyesomea udaktari Parma, alitoa huko Modena kitabu cha magonjwa ya mafundi. Aliwataka madaktari wamwulize kila mgonjwa: unafanya kazi gani?

Karne ya 19 ilileta viwanda, na viwanda vikaleta ushahidi mwingi mno. Kule Birmingham zinki ilipoyeyushwa pamoja na shaba ilitoa moshi mweupe. Jioni fundi alitetemeka kwa homa, kesho yake akarudi kazini. Mwaka 1837 daktari John Couper wa Glasgow alieleza habari za wasagaji wa manganizi walioishiwa nguvu za miguu. Ugonjwa ulikuwa bado ndio kipimo.

Karne ya 20 ikageukia damu na mkojo. Hapo palikuwa na maendeleo ya kweli, hasa kwa risasi. Lakini damu na mkojo hueleza kilichokwisha kuingia mwilini; kilichobaki mapafuni havikitaji. Kromiamu hatari inayotoka kwenye moshi wa kuchomelea chuma kisichoshika kutu hubadilika ikishaingia mwilini, na mkojo hauwezi kuonyesha iliingia ikiwa ya aina gani.

Ndipo pumzi ikapata nafasi yake. Mwaka 1971 mwanakemia Linus Pauling alionyesha kwamba ndani ya pumzi mna kemikali zipatazo 250. Mwaka 2004 watafiti wa Parma, mji uleule alikosomea Ramazzini, walipima kobalti na tangsteni katika pumzi za wafanyakazi, kromiamu ikafuata. Mfanyakazi hupumua taratibu kwa robo saa hivi ndani ya mrija uliopozwa, mvuke ukageuka matone, yakapatikana mililita moja au mbili. Mate kidogo tu huharibu sampuli.

Mwaka 2017 wataalamu wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliuweka moshi wa kuchomelea miongoni mwa visababishi vya saratani. Hata hivyo, kipimo cha pumzi bado ni chombo cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki ya kiwandani, na hakuna kiwango cha usalama kilichokubaliwa kimataifa cha kulinganishia matone hayo. Kwa fundi wa kuchomelea mageti wa Gerezani jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, kinga bado ni feni ya kuvuta moshi na barakoa inayofaa.