Mwalimu wa Kiswahili na Jukwaa la Ngonjera

Kazi ya mwalimu wa lugha haikupata kuishia darasani. Nchini Tanzania, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, mwalimu wa Kiswahili alikuwa pia mtunzi, mfunzi wa maonyesho na kiongozi wa msafara. Ndiye aliyewapanga wanafunzi wake, akawafikisha uwanjani au ukumbini siku ya sherehe, kisha akasimama kando wakighani beti alizowafunza. Sanaa iliyompa wajibu huo ni ngonjera. Pamoja na wajibu huo lilizuka swali ambalo halijazeeka: mwanafunzi anaposimama jukwaani, anasema maneno ya nani?

Ngonjera ni shairi la majibizano litolewalo kwa ghibu mbele ya hadhara. Wasemaji wawili au zaidi hupokezana beti: mmoja hulitilia shaka jambo fulani, mwenzake hulifafanua, na mwishoni yule mbishi hukiri kwamba ameelewa. Kujibizana kwa mashairi hakukuwa jambo geni. Malenga wa pwani walijibizana tangu kale, na washairi wa gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, walitupiana maswali na majibu kurasani. Upya wa ngonjera ulikuwa katika kuyatoa majibizano hayo karatasini na kuyapa ishara, mwendo na sauti za vijana.

Mwasisi wa sanaa hiyo, Mathias Mnyampala, alizaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Wagogo, mbali na pwani. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Rais Julius Nyerere aliwaomba washairi waifikishe siasa ya ujamaa kwa wananchi kwa njia ya tungo. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa baada ya kifo chake, mwaka 1970 na 1971. UKUTA kilikuwa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania.

Faida ya ngonjera kwa mwalimu ilikuwa dhahiri. Mshororo wa mizani kumi na sita, uliogawanyika vipande viwili vya mizani minane, haumruhusu msemaji kumeza silabi. Kijana ambaye nyumbani husema Kisukuma au Kihehe alijizoeza matamshi, mkazo na msamiati bila kuhisi kwamba yumo katika somo la sarufi. Zaidi ya hayo, alijizoeza kusimama mbele ya wakubwa na kusema.

Hata hivyo, umbo la ngonjera lilibeba mgogoro ndani yake. Haiwezi kuwapo bila mbishi, na mbishi hana budi kusema jambo lenye uzito, la sivyo ushindi wa mwenzake hauna maana. Kwa hiyo mtunzi alilazimika kuitamka hadharani shaka ileile ambayo sherehe ilikusudia kuifuta. Pale mwalimu alipompa mbishi hoja za kweli, wasikilizaji walijadili. Pale alipompa ujinga mtupu, ilibaki sifa kwa wakubwa. Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia na mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo jinsi sanaa za aina hii zilivyogeuzwa kipaza sauti cha chama na serikali.

Chuoni hapo ndipo jibu mojawapo lilipotafutwa. Mwaka 1982 ilichapishwa tamthilia ya Harakati za Ukombozi, iliyotungwa kwa pamoja na Amandina Lihamba, Penina Muhando (ndiye Mlama) na Ndyanao Balisidya, mwandishi wa riwaya ya Shida. Humo mbishi hakiri upesi, kwa maana uhuru wenyewe unaulizwa umemnufaisha nani. Mwaka 1982 na 1983 walimu wa chuo hicho walikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Huko wanakijiji wenyewe ndio waliochagua tatizo la kuigizwa, yaani mimba za wasichana wa shule, na waliliigiza kwa ngoma na maneno yao. Mwalimu hakupeleka beti zilizokwisha kutungwa. Alikwenda kusikiliza kwanza.

Kwa wasomaji wa Kongo, historia hii inafaa kulinganishwa na ile ya Lubumbashi. Kundi la Mufwankolo lilijulikana kwa michezo yake ya redioni na kwenye televisheni katika Kiswahili cha mji huo, bila ya maandiko: waigizaji walikubaliana juu ya kisa, kisha kila mmoja akabuni maneno yake. Mwaka 1986 Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha katika kampasi ya Lubumbashi, alifuatilia matayarisho ya mchezo wao uliojengwa juu ya methali yenye maana kwamba mamlaka huliwa mazima. Matokeo aliyachapisha katika kitabu cha mwaka 1990.

Njia hizi mbili hazipingani. Ngonjera hufundisha usanifu wa lugha na nidhamu ya kumbukumbu, ilhali mchezo wa kubuni hufundisha kufikiri kwa Kiswahili papo kwa papo. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi wake kwa sherehe ya chuo anaweza kuziunganisha kwa hatua moja ndogo. Beti za anayefafanua na azitunge yeye akipenda, lakini beti za mbishi awaachie wanafunzi wazitunge wenyewe, wala asizipunguze makali kabla ya kupanda jukwaani.